Kutoka Maji ya Lambo hadi Maji ya Vigae

Niliondoka Dar es Salaam kwa hasira. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilikwenda kutiwa moyo.

Wiki hiyo tulikuwa tumekaa, watu wa vitabu, kwenye ukumbi mdogo Upanga, tukisomeana kazi zetu. Wakati wa chai mwenzetu mmoja akatuonyesha video kwenye simu yake. Mwanamke mwenye mkono mmoja amesimama nje ya geti la hoteli, Dodoma, na nyuma yake watoto wanne, mmoja wao ameegemea magongo. Mlinzi anawaambia bwawa la kuogelea ni la wageni tu. Mwanamke anajibu, bila kupaza sauti, kwamba yeye ni bingwa wa Afrika wa kuogelea kwa watu wenye ulemavu, na kwamba anaomba saa moja tu kwa ajili ya wanafunzi wake. Mlinzi anacheka. Video inaishia kwenye kicheko.

"Jamani, huyu dada anatia moyo," mwenzetu alisema, machozi yakimlenga. "Yaani pamoja na hali yake yote!"

Kisha akachukua sambusa nyingine. Neno likazunguka meza nzima: anatia moyo, anatia moyo kweli. Hakuna aliyeuliza kama geti lilifunguliwa.

Nilitafuta namba ya yule mwanamke, nikaipata, nikapiga. Anaitwa Leokadia. Sauti yake ilikuwa kavu na ya haraka.

"Kama unakuja kunionea huruma, nauli yako kanunulie zabibu," alisema. "Kama unakuja kuona, njoo Alhamisi. Jumamosi tuna mchujo."

Alinieleza kwa kifupi. Viongozi wa kuogelea wangekuja Dodoma kuchuja watoto wenye ulemavu. Mtoto atakayeogelea kwenda na kurudi ndani ya muda uliowekwa angepata nafasi katika shule ya bweni iliyoko kando ya Ziwa Victoria, shule yenye bwawa na walimu, ambayo Leokadia mwenyewe alisoma. Asiyepita angebaki kijijini. Na kijijini, sekondari ya karibu iko mbali mno kwa mtoto anayetembea kwa magongo.

Jumatano asubuhi nilipanda treni ya umeme. Ilipita Morogoro kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai, haraka na bila kutazama pembeni. Baada ya hapo kijani kikaanza kutuaga. Milima ikawa mawe matupu, udongo ukawa mwekundu, anga likapanda juu zaidi. Stesheni ya Dodoma inang'aa kama kioo. Nje yake barabara ni pana, majengo ya wizara ni mapya, na vumbi ni lilelile la zamani, linalokaa juu ya kila kitu bila kuomba kibali. Nikalala gesti karibu na stendi, madirisha yakigongwa na upepo hadi kulipokucha.

Alhamisi nilipanda basi la Kondoa. Kando ya barabara wanawake walikuwa wakipiga alizeti kwa fimbo, vichwa vya maua vimelala juu ya maturubai, mbegu nyeusi zikiruka. Nilishuka njia panda moja upande wa Chemba, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Leokadia alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake akimenya viazi. Kiazi kilikuwa kimebanwa katikati ya magoti, kisu kikizunguka mkononi, ganda likianguka bila kukatika.

"Karibu. Umekuja na viatu hivyo?" aliniuliza akitazama viatu vyangu vyeupe. "Basi vitakuwa vyekundu kabla ya chakula."

Vilikuwa vyekundu kabla ya kumaliza kusalimiana.

Mkono wake wa kushoto uliishia juu ya kiwiko. Sikuuliza. Alinieleza mwenyewe tukiwa tunakula, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi alipotumwa kupeleka alizeti kukamuliwa mafuta. Mashine haikuwa na kifuniko. Mwenye mashine alijua haina kifuniko.

"Watu wanapenda kuniuliza niliushinda vipi ulemavu wangu," alisema. "Mkono haukunisumbua sana. Ulikatika, ukapona. Wanaonisumbua ni wale waliobaki na mikono yote miwili."

Aliposhinda dhahabu ya Afrika walimpokea uwanja wa ndege kwa maua. Alipigwa picha na wakubwa ambao majina yao hakuambiwa. Aliahidiwa kijiji chake kitajengewa bwawa. Kilichofika ni bango lenye picha yake, nalo halikufika kijijini, lilibaki mjini kwa ajili ya sherehe. Akarudi nyumbani na kuanza kufundisha kwa maji yaliyopo. Maji yaliyopo ni lambo la ng'ombe.

Ijumaa alfajiri tulikwenda lambo. Ni shimo kubwa lililochimbwa kukinga maji ya mvua, na mwezi ule lilikuwa bado limejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Wafugaji na Leokadia wana makubaliano: watoto huogelea kwanza, wakati ng'ombe wangali zizini, na ng'ombe wakifika watoto hutoka. Siku watoto wakichelewa, ng'ombe hutangulia, na hakuna mazoezi, kwa kuwa matope hubaki yamevurugika hadi jioni.

Siku ile Mzee Chibago alikuwa amewahi, amesimama ukingoni na kundi lake, shuka begani.

"Mbukwenyi!" alitusalimu kwa Kigogo, tukaitikia. Kisha akamgeukia Leokadia kwa Kiswahili. "Mwalimu, ng'ombe wangu wanalalamika. Wanasema maji yana ladha ya watoto."

"Waambie watoto nao wanalalamika, mzee. Wanasema maji yana ladha ya ng'ombe."

"Sasa nani anamchafua nani?"

"Tuulize yule dume wako. Ndiye mwenye aibu kidogo kuliko wote."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, lakini hakuwapeleka ng'ombe majini. Aliwazuia kwa fimbo, akingoja, na kwa mfugaji mwenye kundi lenye kiu hilo si jambo dogo. Niliiweka moyoni picha hiyo, kwani nilijua kuna geti Dodoma ambalo halikuweza kungoja saa moja.

Watoto walikuwa wanne. Nilijifunza majina ya wote, ila hapa nitawataja wawili. Yohana alizaliwa na mikono mifupi, na mdomo wake umefidia urefu uliopungua. Alinifundisha salamu ya Kisandawe, lugha yao yenye sauti za kidoko cha ulimi, na nilipojaribu aliwaambia wenzake kwamba dada wa Dar anaita kuku. Nasra aliumwa na nyoka shambani, na mguu wake wa kulia ulikatwa hospitalini. Ndiye aliyekuwa ameegemea magongo kwenye ile video. Amemaliza darasa la saba na ana akili ya hesabu inayowatisha kaka zake.

Nasra aliweka magongo chini, akavua mtandio na kubaki na kofia ya kuogelea, suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, akaketi ukingoni, akateleza majini. Leokadia alikuwa amezunguka hadi ng'ambo. Akapiga magoti, akabana dumu tupu katikati ya mapaja, akaanza kuligonga kwa kijiti.

Du. Du. Du.

Hapo ndipo nilipoelewa wanavyofanya kazi. Ndani ya maji yale mtu haoni hata kidole chake. Mtoto akifungua macho anapata matope tu. Kwa hiyo huogelea macho yamefumbwa, akifuata dumu. Dumu likigongwa polepole, naye hutulia. Likigongwa haraka, huongeza mwendo. Na kuna amri moja ambayo haivunjwi: hakuna kukanyaga chini, kwa sababu matope ya chini hushika mguu na hayaachii. Watoto wale wamekua wakijua kwamba maji hayana chini.

Nasra alikuja kuelekea sauti kama uzi unaovutwa. Bega lilipanda, likashuka, mguu mmoja ukapiga nyuma kwa mpigo wa dumu. Hakuyumba.

"Anapita," nilimwambia Leokadia. "Jumamosi anapita huyu."

Hakufurahi. Alikamua maji kwenye pindo la gauni lake.

"Unajua kwa nini nilikwenda geti lile?" aliniuliza hatimaye. "Mimi nilipofika ile shule ya ziwani nilikuwa najua kuogelea. Siku ya kwanza wakaniingiza kwenye bwawa, nikatazama chini, nikaona vigae. Nikaona ni mbali. Nililia hadi wakanitoa kwa kamba. Maisha yangu yote nilikuwa naogelea juu ya kitu nisichokiona, na siku hiyo nikakiona. Nilitaka hawa watoto waone chini mapema. Saa moja tu. Waogope, walie, wazoee, watoke. Ndiyo saa niliyoomba."

"Na sasa?"

"Sasa wataona chini kesho, mbele ya mtu mwenye saa ya kupimia."

Jumamosi tulifika Dodoma jua likiwa limeshachomoza. Mchujo ulikuwa kwenye hoteli ileile. Ndiyo, geti lilelile, na mlinzi yuleyule. Na juu ya geti, limefungwa kwa kamba mpya, lilikuwa bango lenye picha ya Leokadia akitabasamu na medali shingoni. Walikuwa wamempiga picha upande wa kulia. Mkono uliokatika haukuonekana.

"Mna kibali?" mlinzi aliuliza.

"Ndio sisi waogeleaji wa leo," Leokadia alisema.

"Viongozi hawajafika. Ngojeni hapo nje."

Yohana alinyoosha kidevu kuelekea juu. "Afande, hebu tazama bango. Halafu mtazame mwalimu."

Mlinzi akatazama juu, akatazama chini, akarudi juu. "Wanafanana," alikiri. "Lakini bango lina kibali. Nyie hamna."

Tukangoja juani. Magari yaliingia, familia zikashuka na maboya ya watoto yenye sura ya bata. Hakuna aliyeulizwa kibali. Katibu wa mchujo alipofika, mtu wa makamo mwenye fulana nyeupe na saa ya kupimia ikining'inia shingoni, alimkumbatia Leokadia, akamwita "shujaa wetu", akataka wapigwe picha chini ya bango kabla ya lolote lingine. Alimzungusha kwa upole hadi upande wa kulia ukaangalia kamera. Nilimwona Leokadia akizungushwa, nikauma midomo yangu hadi nikahisi chumvi.

Ndani, meneja alitutangazia kwamba bwawa litatumika kwa muda mfupi tu, kwa sababu mchana kuna sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na wapambaji wameshafika. Kweli walikuwapo, wanawake watatu na mfuko wa maputo. Meneja akaomba pia magongo yasiburuzwe, yanakwaruza vigae. Nasra akaruka kwa mguu mmoja hadi ngazi ya bwawa. Ndivyo walivyolinda vigae vyao.

Alikuwa wa kwanza. Alishuka ngazi upande wa kina kirefu, akashika ukingo, akainamisha uso.

Maji yalikuwa kama hewa. Mistari ya buluu ilionekana chini kabisa, ikitetemeka.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana. "Mwalimu, naiona chini!"

Kisha akapiga kelele na kung'ang'ania ngazi kwa mikono yote miwili. Aliyekata lambo zima bila kuyumba hakuweza kuachia chuma.

Katibu alitikisa kichwa. "Dada Leo, mimi nakuheshimu. Lakini huyu hajui kuogelea. Asije akatufia hapa, tukaingia matatizoni."

"Anajua. Nipe muda kidogo."

"Muda ndio hatuna. Umesikia, kuna sendofu."

"Niliomba saa moja kwenye geti hili, nikafukuzwa. Ningepewa ile saa, leo tusingekuwa hapa tunabishana."

"Hayo mambo ya geti mimi sihusiki."

Hakuna anayehusika. Nimeyasikia maneno hayo katika ofisi nyingi, lakini siku ile niliyaona yamevaa fulana nyeupe, yamesimama kati ya mtoto na shule yake.

Leokadia aligeuka, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, na alipotoka alikuwa amebeba dumu tupu la mafuta ya kupikia na mwiko. Nililitazama lile dumu. Lilikuwa na picha ya ua la alizeti. Yeye mwenyewe hakulitazama. Alizunguka bwawa, akapiga magoti upande wa pili, akalibana katikati ya mapaja.

Du. Du. Du.

"Kelele haziruhusiwi!" meneja alisema. "Wageni wanakunywa chai!"

"Hii si haki kwa wengine," Katibu alidakia. "Huwezi kumwongoza mchezaji."

"Nimeshindana bwawa moja na vipofu," Leokadia alisema bila kuacha kugonga. "Makocha wao husimama ukingoni na fimbo ndefu yenye sponji, na kuwagusa kichwa wanapokaribia ukuta. Hakuna aliyewaita wezi."

"Lakini huyu si kipofu!"

"Basi shida iko wapi? Nasra! Fumba macho. Uko nyumbani. Ng'ombe bado hawajaja."

Nasra alifumba macho. Niliona vidole vikiachia ngazi, kimoja baada ya kingine. Kisha akaenda. Bega lilipanda, likashuka, mguu mmoja ukapiga maji kwa mpigo wa dumu, na yale maji yasiyo na siri yakampisha. Alifika kwa mwalimu wake, akagusa ukuta. Mimi nikakimbia upande wa ngazi na kupiga makofi kwa mpigo uleule, kwa sababu dumu lilikuwa moja, na Yohana akagonga ngazi kwa kisigino, na Nasra akarudi akitufuata sisi. Wapambaji walikuwa wameacha kupuliza maputo. Alipogusa ngazi wakapiga vigelegele.

Leokadia aliinuka. "Muda gani?"

Katibu alitazama saa yake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sikuwa nimebonyeza," alisema. "Tulikuwa tunabishana."

Naandika hili polepole ili lisomeke polepole. Mtoto alivuka hofu yake yote, akaenda, akarudi, na mtu ambaye kazi yake pekee siku ile ilikuwa kubonyeza kitufe hakukibonyeza. Nilifungua mdomo nimwambie yaliyonijaa. Nasra akanitangulia.

"Nirudie?" aliuliza kutoka majini.

Alikuwa anahema. Kope zake zilikuwa wazi. Aliinama tena, akaitazama ile chini, akaitazama vizuri, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuwa akitishiwa naye utotoni.

"Rudia," Leokadia alisema. Kisha akamgeukia Katibu. "Na wewe bonyeza. Nakuona."

Nasra alirudia macho yakiwa wazi. Dumu liligongwa mara chache za mwanzo, halafu Leokadia akaliweka kando, akasimama tu. Katibu alibonyeza alipoanza na alipomaliza. Akamwonyesha Leokadia saa. Leokadia akaisoma, akaitikia kwa kichwa mara moja. Nasra alikuwa amepita, ingawa alikuwa amechoka kwa mizunguko miwili wakati wengine wote nchini hupimwa kwa mmoja.

"Hongera sana," Katibu alisema, akifunga begi lake. "Kwa leo tuishie hapo. Muda wa bwawa umekwisha."

"Bado watatu," nilisema.

"Mwakani, dada yangu. Mungu akipenda."

Nilimwambia kwamba Mungu hakuwa na sendofu mchana ule. Akatoka. Leokadia alimfuata hadi kwenye gari, akamsihi, akamkaripia, akamsihi tena. Gari likaondoka kupitia chini ya bango. Aliporudi, Yohana alikuwa amekaa ukingoni, maji yakimgusa magoti.

"Mwalimu," alisema, "piga."

"Hakuna wa kupima, Yohana."

"Ndiyo. Piga tu, nione hiyo chini inafananaje."

Leokadia alipiga magoti, akalibana dumu la alizeti, akagonga. Watatu wakaingia majini. Meneja alitaka kusema jambo, lakini mmoja wa wapambaji, mama mnene mwenye puto mdomoni, alilitoa puto na kumwambia, "Baba, acha watoto. Bibi harusi mwenyewe hajaamka." Wakaenda, wakarudi. Hakuna muda wowote ulioandikwa.

Jumapili nilirudi Dar kwa basi, maana treni ilikuwa imejaa. Pale Kibaigwa tulisimama kwa muda mrefu nyuma ya malori ya mahindi. Kando ya dirisha langu mkulima mmoja alikuwa akipimiwa magunia na dalali. Alikuwa amesimama karibu na mizani kiasi kwamba pua yake ilikaribia kugusa mshale.

"Mzee, sogea kidogo, unanizibia," dalali alilalamika.

"Nasogea wapi? Mahindi ni yangu, macho ni yangu. Wewe pima."

Nilicheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nyumbani wenzangu waliniuliza kama nimetiwa moyo. Niliwaambia Nasra ameshapata nafasi, na nikawaambia habari za Yohana na wenzake wawili, na habari za saa. Nilichojifunza njiani ni kidogo na hakina utamu. Watoto wale wana moyo wa kutosha, hata wa kugawa. Wanachokosa ni mtu mzima wa kufungua geti na mtu mzima wa kubonyeza kitufe, na watu wote hao wanalipwa mshahara.

Nilinunua saa ya kupimia Kariakoo, nikaituma kwa basi la Kondoa. Leokadia alinipigia ilipofika.

"Nzuri," alisema. "Yohana haivui. Amenipimia hata muda wa kumenya viazi. Lakini ujue, kwa viongozi muda wa lambo hauhesabiki."

"Najua."

"Basi njoo mwakani."

Nitakwenda. Nitasimama karibu na mtu mwenye saa, karibu kabisa, hata akisema namzibia, na sitamtazama usoni. Nitamtazama kidole.